Mama Ajipa Mbili Juu ya Kumi

Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, ugonjwa wa mama ulitoka kupitia bega lake la kushoto, ukavuta kiti cha tatu na kuketi mezani. Chumba cha kulia cha ile nyumba ya wageni kilikuwa na meza sita, birika la umeme, na tangazo ukutani lililowakumbusha wageni kuosha vikombe vyao. Mama alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Alisimamisha kisu kwa muda wa pumzi mbili tatu, akamalizia kupaka mpaka kwenye kingo, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati, kisha akausogezea ugonjwa kibakuli cha sukari.

Ulikuwa na kimo cha mwanafunzi wa darasa la sita, mashavu manene, rangi ya maji yaliyooshewa masufuria, na ulivaa koti la mvua ingawa nje kulikuwa kukavu. Ulitia sukari vijiko vinne. Kisha ukamsalimia mhudumu kwa lugha ya pale bila kukwama hata mara moja. Hilo lilimkera binti. Yeye alikuwa ameisoma lugha hiyo miaka miwili, jioni baada ya kazi, akapewa cheti chenye muhuri, na bado kila alipofungua mdomo watu wa pale walimwonea huruma.

Binti alikuwa mpima macho. Alikuja nchi ile kwa wiki mbili kujifunza mashine mpya ya kukata lenzi, na alimchukua mama kwa sababu mama alikuwa na miaka sitini na tisa, hajawahi kuvuka mpaka wowote, na pasipoti yake ilikuwa imebakiza miezi minane kuisha bila kugongwa muhuri hata mmoja. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Pasipoti tupu ilimuudhi kuliko daftari tupu.

"Mama, hujambo?" binti aliuliza. Jasho lilikuwa linamtiririka mama usoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mezani kama wa mtu mwingine.

"Sijambo. Nimechoka kidogo."

Neno hilo "kidogo" lina historia yake. Upepo ulipong'oa paa la madarasa manne na kulitupa kiwanja cha jirani, mama aliandika kwenye taarifa yake kwa wakubwa kwamba paa limeguswa kidogo. Baba alipofariki, aliwapigia watoto simu akasema baba yenu amezidiwa kidogo, wakaenda hospitali na matunda. Binti hakutaka kwenda popote tena na matunda. Aliita gari.

Hospitali ilikuwa safi kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Mlangoni palikuwa na mashine ya kutoa namba za foleni. Ugonjwa ulibonyeza ukapata namba sitini na moja. Mama akapata sitini na mbili, kwa sababu aliupisha utangulie. Alikuwa amewafundisha watu kupanga foleni kwa miaka thelathini na minne na hakuona sababu ya kuanza utovu wa nidhamu ugenini.

Karani wa mapokezi aliuliza mgonjwa ni nani. Ugonjwa uliinua mkono. Ulijaza fomu wenyewe, kurasa tano, ukaandika jina la mama, tarehe ya kuzaliwa ya mama na historia ya kifua cha mama, pamoja na mambo ambayo binti, aliyekuwa akichungulia begani kwake, hakuwahi kuyasikia. Kwamba kifua kilianza kubana miaka saba iliyopita. Kwamba mara mbili mama alianguka jikoni, akainuka mwenyewe, akafuta sakafu, akaendelea kupika. Binti alimgeukia mama. Mama alikuwa anasoma tangazo la kunawa mikono, akitafuta makosa.

Karani hakuona cha ajabu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshapokea magonjwa mawili yaliyokuja yenyewe, na mmoja ulikuwa umepanda treni kutoka mji wa jirani. Wenye magonjwa walikuwa wamebaki kazini. Aliufungulia ugonjwa wa mama faili jipya. Mama alibandikwa kifuani karatasi ya kunata yenye neno la pale lenye maana ya msindikizaji.

Binti alisema kwamba kuna makosa, mgonjwa ni huyu, na akamshika mama bega ili pasiwe na ubishi. Karani akamjibu, kwa upole wa mtu anayetoka zamu saa nane, kwamba nani ni mgonjwa na nani si mgonjwa huamuliwa ndani, kwa kipimo.

Kipimo kilikuwa rula ya plastiki yenye namba kuanzia sifuri mpaka kumi, na juu ya kila namba uso mdogo uliochorwa, wa kwanza ukicheka na wa mwisho ukilia. Muuguzi aliyekuwa na kalamu nne mfukoni aliiweka mezani mbele ya mama. Binti alifungua mdomo kutafsiri, akaonyeshwa mstari wa manjano sakafuni. Jamaa walisimama nyuma ya mstari. Jamaa hawakuruhusiwa kutafsiri, kwa sababu uchunguzi ulionyesha kuwa jamaa hutia chumvi. Palikuwa na mkalimani wa simu, mtu wa nyumbani kabisa, aliyekaa mahali fulani katika mji mwingine, na sauti yake ilitoka kwenye spika mezani.

Mkalimani akamwamkia mama shikamoo. Mama akaitikia marahaba mwanangu, hujambo. Mkalimani hakuwa na jambo. Aliuliza habari za asubuhi, zikawa nzuri. Mama akauliza watoto, nao hawakuwa na jambo. Mkalimani akauliza safari, ikawa salama kabisa. Muuguzi alitazama saa yake akauliza wamefikia wapi, na mkalimani, aliyekuwa mtu mwaminifu katika kazi yake, akamwambia kwamba mama hajambo, habari zake ni nzuri, na safari yake ilikuwa salama. Muuguzi aliandika yote matatu.

"Sasa mama," mkalimani alisema, "muuguzi anauliza, kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako unayapa ngapi?"

Mama alijiweka sawa kwenye kiti. Tangu waingie nchi ile, hili lilikuwa swali la kwanza linalohusu taaluma yake. Kumi hakuwahi kumpa mtu tangu aanze kushika chaki. Tisa aliitoa mara moja, kwa mtoto ambaye sasa ni jaji, na bado hujiuliza kama hakuharakisha. Aliyatazama maumivu yake kwa haki, bila chuki na bila upendeleo, midomo imebana na mkono wa kulia ukiushika wa kushoto.

"Yanajitahidi," alisema, na sauti yake ilikuwa imekonda. "Lakini hayana mpangilio. Mara kifuani, mara mkononi, mara kwenye taya. Kazi ya haraka haraka. Yape mbili."

Utaratibu ulihitaji namba tu, kwa hiyo mkalimani akatafsiri namba. Binti alisema kwa sauti kwamba ametaja taya, ametaja mkono, jamani ametaja taya. Muuguzi alinyoosha kidole kwenye mstari wa manjano, ambao binti alikuwa ameukanyaga.

Ugonjwa haukungoja kuulizwa. "Kumi," ulisema, na ukalala chini.

Kabla ya saa nne ulikuwa na kitanda karibu na dirisha, mashuka meupe, mpira wa hewa puani, nyaya sita kifuani, na mashine iliyolia kwa mpigo mzuri. Mama alipewa kiti cha plastiki kando ya kitanda hicho, kwa sababu wasindikizaji waliruhusiwa kukaa mpaka saa kumi na mbili. Binti aliomba aje daktari. Aliomba kwa adabu, kisha bila adabu, kisha kwa kulia, na kila mara alijibiwa kwamba daktari ameshamwona mgonjwa na mgonjwa yuko mikono salama. Ilikuwa kweli. Muuguzi alikuwa akija kila nusu saa kuupima ugonjwa presha na kuurekebishia mto, na kila mara alimwomba mama asogeze miguu.

Adhuhuri kaka mkubwa, baada ya kusoma ujumbe wa binti, alipiga simu kutoka nyumbani. Kaka mkubwa alikuwa mwenyekiti wa familia, cheo ambacho hakikupigiwa kura na mtu yeyote. Jambo la kwanza aliloliuliza ni nani mwingine anajua. Binti akamwambia hakuna. Kaka akashusha pumzi, akasema basi iwe hivyo hivyo, kwenye kundi la familia yeye atawaandikia kwamba mama anaendelea vizuri, na yeyote akiuliza, binti ajibu hivyo hivyo.

"Kaka, haendelei vizuri."

"Ndiyo maana nakwambia useme."

Kisha akataka kuongea na mama mwenyewe. Mama alisimama kuipokea simu, kwa sababu hakuzoea kuongea na watu akiwa amekaa, na akajishikilia kwenye chuma cha kitanda cha ugonjwa. Kaka akamwamkia, akauliza hujambo mama. Mama akasema hajambo. Kaka alifurahi. Akaeleza kuwa kikao cha Jumapili kiko pale pale, dada wa pili na mumewe wamegombana tena na safari hii vyombo vimevunjika, wajukuu wawili wamepewa kazi za nyumbani ambazo hakuna mtu mzima anayezielewa, na shangazi hataki kuongea na yeyote isipokuwa mama. Mama aliyapokea yote, moja baada ya jingine, akaahidi. Alipokata simu uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

Dakika mbili baadaye ujumbe wa kaka uliingia kwenye kundi la familia, lenye watu arobaini na watatu. Ulisema kwamba ameongea na mama kwa mdomo wake, na hajambo. Watu thelathini na wanane waliweka alama ya mikono ya dua. Mmoja aliuliza kama mama anaweza kumletea viatu namba arobaini na moja.

Saa kumi na mbili waliwatoa wasindikizaji. Mama alilala nyumba ya wageni, amekaa, mgongo ukiegemea ukuta, akisema kitanda cha pale ni laini mno. Binti hakulala kabisa.

Jumatano saa tatu asubuhi daktari alipita. Alikuwa mtu mwema, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi miaka kadhaa, na aliwachorea kwenye karatasi. Huu hapa ni moyo. Huu ni mshipa mkubwa unaoulisha. Hapa umeziba. Saa sita mchana kungekuwa na nafasi katika chumba cha upasuaji, wangepitisha mrija mwembamba kwenye mkono, wangeuzibua, na kazi isingezidi saa moja. Wasipofanya hivyo leo, moyo ungesimama kabla ya jua kuzama.

"Moyo wa nani?" binti aliuliza.

Daktari alifungua faili, akalifunga. Alikiri kwamba hilo ni swali zuri. Kwa uzoefu wake, mara nyingi moyo wenyewe hupatikana ndani ya msindikizaji. Lakini chumbani huingizwa mgonjwa, na mgonjwa ni mwenye alama saba kwenda juu, zilizoandikwa kwa mkono wake. Msindikizaji huyu alikuwa na mbili.

Binti akauliza itakuwaje kama watautibu ugonjwa peke yake.

"Tumewahi kufanya hivyo," daktari alisema. "Magonjwa yalipona vizuri sana. Wenye magonjwa ndio hawakupona."

Akaongeza kwamba ana mpaka saa tano na nusu. Ugonjwa, uliokuwa ukisikiliza kutoka kitandani, ulijifunika shuka mpaka kidevuni na kutabasamu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, anaumenyea ugonjwa chungwa. Alikuwa anatumia mkono mmoja. Ganda lilikatika mara tatu, yeye ambaye siku zote hulitoa kwa utepe mmoja mrefu, na kila lilipokatika alipumzika kabla ya kuanza tena. Midomo yake ilikuwa inaelekea kijivu. Binti aliogopa. Pia alikasirika, hasira ya kutaka kumshika mabega mzazi wake na kumtikisa mbele ya watu, na hasira ile ilimtia aibu yeye mwenyewe. Alimbembeleza. Alimwambia, mama, sema tu unaumwa, ni neno moja, watu hulisema kila siku hata wakiwa wazima ili wasiende kazini. Mama akamjibu kwamba hao ndio anaowazungumzia siku zote.

Basi binti alishuka kwenye duka la chini, akanunua kalamu nyekundu. Aliporudi aliomba fomu mpya ya maumivu, akaibana kwenye ubao mgumu, akaipigia mistari kwa rula, akapanga sehemu: kifua, mkono, taya, pumzi, jasho. Akasimama mbele ya kiti cha plastiki, mikono nyuma, kama walivyokuwa wakisimama watu mbele ya meza ya mwalimu mkuu enzi hizo.

"Mwalimu," alisema. "Kuna kazi ya kusahihisha."

Hakuwa amemwita hivyo tangu darasa la saba. Mwaka ule mama alifundisha hisabati darasani kwake, na alama ya kufaulu ilikuwa hamsini, na binti alipata arobaini na tisa. Walimu wengine wawili walikwenda kumwombea. Mama akawaambia kwamba alama za huruma huwaua watoto polepole. Binti alirudia darasa, akakaa mwaka mzima na watoto waliomfikia begani, na jioni ya matokeo mama alimpakulia nyama nyingi kuliko kaka zake bila kusema neno.

Mama aliitazama kalamu nyekundu, akaipokea. Alisahihisha kwa haki. Ilimchukua karibu nusu saa, kwa sababu alikuwa anasimama kuvuta pumzi. Taya aliipa moja, akisema inajitahidi asubuhi na kulegea mchana. Mkono aliupa moja na nusu. Jasho alilinyima, kwa maelezo kwamba limenakili kwa jirani. Pumzi, nusu. Alipofika kifuani kalamu ilisimama juu ya karatasi, na binti aliona macho yake yakijaa, mara ya kwanza tangu siku ya maziko ya baba. Kifua alikipa tatu. Akajumlisha, akapiga mstari chini, akaandika sita, kubwa na safi, akaizungushia duara.

"Ongeza moja," binti alisema.

"Kwa kazi ipi?"

"Mama, utakufa."

"Sita ni nyingi. Nimewapa watu sita wakaenda chuo."

"Moja tu, mama. Nakuomba."

"Siongezi alama za huruma," mama alisema. "Wewe hilo unalijua kuliko wote." Kisha macho yake yakafumbika, kichwa kikaangukia upande, na kalamu ikabingirika sakafuni.

Saa ya ukutani ilionyesha tano na dakika ishirini na mbili. Binti aliokota kalamu. Tarakimu sita ina tumbo chini na mkono unaopanda juu ukiwa wazi. Anayetaka kuufunga hahitaji elimu kubwa. Aliufunga. Ilichukua muda mfupi kuliko kukaza skrubu ya fremu ya miwani.

Muuguzi aliipokea fomu, akasoma nane, akasema kwamba wangesema mapema. Wakaja watu wanne na kitanda cha magurudumu. Walimbandua mama ile karatasi ya msindikizaji, wakaubandika ugonjwa, wakauchomoa nyaya zote sita na kuuomba usubiri kwenye korido. Ugonjwa uliomba karatasi ya malalamiko. Ukaandika kurasa mbili, mbele na nyuma, kwamba umevuliwa mpira wa hewa bila kuelezwa sababu.

Kazi ilichukua dakika hamsini. Binti alikaa korido kwenye benchi moja na ugonjwa. Mara moja tu ugonjwa uliuliza ni saa ngapi, akauambia. Daktari alitoka akiwa na alama ya barakoa usoni, akasema mshipa umefunguka, damu inapita, mama ni mtu mwenye moyo mgumu na angeweza kuishi miaka mingine kumi na tano kama angepumzika wiki sita na akaacha kubeba vitu. Binti alimshukuru. Kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akalia mpaka mtu wa usafi alipogonga.

Alhamisi asubuhi mama alifungua macho, akaomba maji, na baada ya maji akaomba faili. Alilishika mbali kidogo na uso. Alikaa anaitazama ile alama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuisoma.

"Nane yangu huanzia juu," alisema. "Hii imeanzia chini."

Binti hakubisha. Alisema ndiyo, mimi ndiye niliyefanya. Alingoja kofi, au shukrani, hakujua lipi lingemwuma zaidi. Alisema pia kwamba angefanya tena, kwa kalamu yoyote, kwenye karatasi yoyote, na kwamba miaka saba ni mingi, mama, ulianguka jikoni mara mbili na sisi tulikuwa sebuleni.

Mama alilifunga faili.

"Mimi nikiumwa," alisema, "nani atakuwa mzima pale nyumbani?"

Alikuwa anauliza kwa dhati, kama anavyouliza mtu anayetaka jina. Binti alianza kuwapitia mmoja mmoja kichwani, kaka mkubwa, kaka mdogo, dada wa pili, shangazi, wakwe, na alipofika mwisho wa orodha akarudi mwanzo, maana pengine alikuwa ameruka mtu. Hakuwa ameruka mtu.

Kisha mama akaagiza simu ya mkalimani. Baada ya salamu, ambazo safari hii ziliulizia pia hali ya hewa, aliwaarifu wakubwa wa hospitali kwamba ndani ya faili lake kuna alama ya kughushi na anaomba irekebishwe. Hospitali ililichukulia jambo hilo kwa uzito ambao haikuwahi kuupa kifua chake. Kamati ya watu watatu ilikaa kabla ya chakula cha mchana. Ilithibitisha kwamba alama halali ni sita. Ikaona kwamba mwenye sita haingii chumba cha upasuaji, kwa hiyo mama hakuingia, kwa hiyo upasuaji, ambao bila shaka ulifanyika kwa kuwa vifaa vilitumika, ulifanyika kwa mgonjwa aliyekuwa na kumi. Wakampa mama karatasi akasaini. Alisema sasa faili limenyooka.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoruhusiwa kutoka Jumamosi ukiwa na kiti cha magurudumu, mfuko wa dawa na barua ya kupumzika wiki sita, na mama akapewa kijitabu cha picha kinachofundisha namna ya kumhudumia mgonjwa nyumbani. Karatasi ya msindikizaji walimrudishia, ikiwa bado inanata. Binti alimpa dawa kwa siri, kidonge kimoja kimoja, akivitoa kwenye mfuko wa ugonjwa, na mama akavimeza bila kuuliza, akiangalia pembeni. Ndege ilipogusa ardhi ya nyumbani walikuwa hawajaongea maneno ishirini tangu Alhamisi, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya vidonge.

Watu kumi na mmoja walikuja kuwapokea. Walipoona kiti cha magurudumu kinatokea, wote walikikimbilia. Kaka mkubwa aliushika ugonjwa mkono kwa mikono yake miwili. Dada wa pili aliufunika miguu kwa mtandio wake. Walimpa pole mgonjwa, pole sana, pole kwa safari, na ugonjwa ukawaeleza hali yake yote kwa ile lugha ya kule, ambayo hakuna aliyeielewa, wakawa wanatikisa vichwa kwa masikitiko. Mama alikuwa nyuma yao na mabegi mawili. Mjukuu mmoja tayari alikuwa amemshikisha daftari.

"Kaka," binti alisema. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mgonjwa ni mama. Moyo wake ulikuwa unasimama. Wameuzibua mshipa Jumatano."

Wote kumi na mmoja waligeuka. Kaka mkubwa aliuachia mkono wa ugonjwa, akamtazama mama kwa uso ambao binti hakuwahi kuuona kwake, uso wa mtoto aliyepotelewa na mtu sokoni.

"Mama, eti ni kweli? Unaumwa?"

Mama aliyaweka mabegi chini. Aliwatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, mstari mzima, na alipofika kwa binti alikaa hapo kidogo. Midomo yake ilifunguka. Binti aliacha kupumua. Kwa muda ule mfupi ilikuwa inawezekana kabisa.

"Sijambo, mwanangu," mama alisema.

Wote kumi na mmoja walishusha pumzi kwa pamoja, na watu waliokuwa wanangoja mizigo waligeuka kuangalia kulikoni. Kaka mkubwa alicheka, akasema yeye alijua, si aliwaandikia. Akamkabidhi mama karatasi za kikao cha kesho, kurasa nne zilizobanwa kwa pini, akamwomba azipitie njiani kwa sababu kuna jambo la dada wa pili linalohitaji busara. Mama alizisogeza mbali na uso, kisha karibu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Alikuwa anaomba miwani.

Binti aliitoa mkobani, akaifuta pande zote mbili, akampa.